Tumwokoe Binti Kwanza, Maswali Baadaye

Binti aliyetoa mimba kwa siri huwaogopa watatu: baba, mwalimu na askari. Kwa hofu hiyo hujilaza ndani akivuja damu, na watu wa nyumbani huambiwa ana homa. Nasi wa Ihembe tusidhani kuwa hayo ni ya mijini tu. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2013 mimba 405,000 hivi zilitolewa katika Tanzania.

Hukumu ya kutoa mimba wanavyuoni wameieleza, na Kanuni ya Adhabu ya nchi inaikataza, isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Leo twataka wazazi wajue jambo jingine: kumtibu ambaye mimba yake imekwisha kuharibika hakukatazwi na sheria, hata kama aliitoa mwenyewe.

Dalili za hatari ni hizi: damu inayolowesha pedi mbili kwa saa, kwa saa mbili mfululizo; homa; maumivu makali ya tumbo; uchafu unaonuka; au kuzimia. Aonekanapo hivyo asinyweshwe mizizi, wala asingojee kupambazuke. Apelekwe hima kituo cha afya, au Hospitali ya Nyakahanga. Amweleze daktari kweli yote, hata dawa aliyomeza.

Akishatibiwa, kazi haijaisha. Aweza kushika mimba tena kabla ya majuma mawili kupita, basi asiondoke bila nasaha ya daktari. Kisha aulizwe, faraghani na kwa upole, ni nani aliyemfikia. Binti asiyeolewa akiwa chini ya miaka 18, sheria ya mwaka 1998 huliita jambo hilo ubakaji, hata kama aliridhia. Aelezwe afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi, au ipigwe simu 116. Wazee kulimaliza kwa fedha na mbuzi ni kumkabidhi fisi zizi.

Masomo nayo yasikatike. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu walioacha shule kwa sababu ya mimba warejee.

Sitara ya kweli ni kuuzuia ulimi, si kuyazuia matibabu. Nasi walimu wa vyuo, tunaowafundisha watoto twahara na haya, tuwafundishe pia kwamba mlango wa nyumbani uko wazi hata siku ya aibu.