Saini Usiyoiweka Wewe



Mwaka jana, katikati ya mitihani, nilipata imeili yenye jina na anwani ya dada yangu: mama amelazwa, tuma pesa leo hii kwa namba hii mpya. Nusura nitume hela yangu yote ya kodi ya nyumba. Nikaona nipige simu kwanza. "Mama yupo sokoni," dada akajibu, "kwani vipi?"

Mtu anawezaje kuandika kwa anwani ya dada yangu? Kumbe ni rahisi. Utaratibu wa kupeleka imeili ulitangazwa mwaka 1982, zama ambazo watu wa mtandaoni walikuwa wachache na wakiaminiana. Pale penye jina la mtumaji mtu aliweza kujaza chochote, kama nyuma ya bahasha ya posta.

Dawa mojawapo iliyotafutwa inaitwa DKIM, iliyotangazwa mwaka 2007. Kampuni ya imeili inakuwa na funguo mbili. Ule wa siri inauficha. Ule wa wazi inauweka kwenye daftari la majina ya intaneti, kila mtu auone. Barua yako inapotoka, kompyuta ya kampuni inaitia saini kwa ufunguo wa siri, na saini hiyo inafunga maneno ya barua pamoja na anwani ya mtumaji. Kompyuta inayopokea inapima kwa ufunguo wa wazi. Ukibadilisha neno moja tu, saini inakataa. Nilipofungua maelezo kamili ya ile barua ya uongo, saini ya kampuni anayotumia dada haikuwemo.

Mpaka hapo, safi kabisa. Ila kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: saini ile haifutiki barua ikishafika. Inabaki nayo miaka na miaka. Hukuiweka wewe, wala hukuulizwa. Mwizi akivunja sanduku lako la imeili, anaondoka na barua pamoja na ushahidi wake.

Yalitokea Marekani mwaka 2016. WikiLeaks walitoa barua zilizoibwa za John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton. Palipozuka maneno kwamba huenda zimechezewa, mafundi walizipima baadhi yake kwa DKIM, na saini zikakubali. Mlango wa kukana ukafungwa.

Jamani, simtetei mwongo. Nawaza kuhusu sisi. Nani kati yetu hajamwandikia rafiki habari za wakubwa wa nyumbani, ugonjwa wake, au ndoa iliyovunjika? Maneno ya faragha, yakivuja, zamani yalikuwa neno lako dhidi ya la mwizi. Sasa yana mhuri. Tena mhuri wenyewe unathibitisha tu kwamba barua ilipita kwa kampuni ile. Nani alikuwa amekaa kwenye kompyuta, hausemi.

Dawa ipo. Mwaka 2020 Matthew Green, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliiomba Google ibadilishe funguo zake mara kwa mara, kisha izitangaze hadharani zile za siri zilizokwisha kutumika. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni wazimu, lakini fikiri kidogo. Saini inahitajika siku barua inapofika. Baadaye, ufunguo wa zamani ukiwa mikononi mwa kila mtu, yeyote anaweza kutunga barua ya tarehe za nyuma, na saini ya zamani haithibitishi kitu tena. Mdanganyifu wa leo anazuiwa, na mwizi wa kesho hapati mhuri.

Uamuzi huo ni wa makampuni. Wetu sisi ni mdogo: barua ya pesa, piga simu kwanza. La siri, lisemee kwa mdomo. Na kabla hujabonyeza "tuma", jiulize kama ungekubali kulitia saini neno hilo kwa mkono wako. Maana saini itatiwa tu.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.