RNA ndogo, kirusi na tuhuma ndani ya nyumba

Saratani ya mlango wa kizazi hutokana na kirusi cha papiloma, yaani HPV. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizo.

Jinsi kinavyofanya kazi ni jambo la kustaajabisha. Mwaka 1993 Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo wa milimita moja, walionesha kuwa vipo vipande vya RNA visivyotengeneza protini yoyote. Kipande cha herufi 22 hivi hujibandika kwenye ujumbe wa jeni na kuunyamazisha. Mwaka 2024 wakatunukiwa Nobel.

Katika seli yenye afya, protini iitwayo p53 ikiona uharibifu huamsha RNA ndogo ya miR-34a, nayo huizuia seli isiendelee kugawanyika. Kirusi huja na protini yake, E6, inayoivunja p53. Mlinzi akiondoka, miR-34a hupungua. Nyingine, miR-21, ambayo hunyamazisha jeni zinazozuia uvimbe, huongezeka. Watafiti wanatafuta namna ya kuzisoma RNA hizi katika damu na ute ili ugonjwa utambuliwe mapema, lakini bado si kipimo cha kawaida cha kliniki. Kilichopo ni uchunguzi wa siki, na kipimo cha HPV ambacho mama aweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa faragha. Kwa wanaozuiwa na haya, hiki cha pili ni faraja kubwa.

Hapa tunawageukia kina baba. Kirusi hiki ni cha kawaida mno. Watu wengi waliopata kuingia katika ndoa hukutana nacho, na mwili wa wengi hukiondoa wenyewe. Kikibaki, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa hiyo majibu ya mke hayasemi kirusi kiliingia lini, wala kilitoka kwa nani. Huenda ni kwa mume mwenyewe. Anayeyafanya kuwa ushahidi wa zinaa anadhulumu.

Kwa mabinti, Tanzania ilianza kutoa chanjo nchi nzima mwaka 2018, na sasa ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, ndiyo maana hutolewa mapema. Mama zao wanahitaji kipimo.