Je, umaskini ndio mzizi wa uhalifu na uasi?

 Wewe unayesoma karatasi hii huko Komanda, Gety, Nyankunde, Kasenyi au hapa Bunia mjini, jihesabu kuwa uko mbele ya redio pamoja nasi.

Swali la leo linatoka midomoni mwa watu wengi. Ukiuliza kwa nini kijana ameiba mbuzi, utajibiwa: ni umaskini. Ukiuliza kwa nini mwingine ameingia porini na bunduki, jibu ni lile lile. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli. Lakini tukilimeza zima litatudhuru mara mbili: litamtia doa kila maskini, na litawaficha wale wanaofaidika na vita. Basi tulichambue polepole.

Kwanza, sheria inasema nini? Sheria yetu ya adhabu, ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 79, inasema kwamba mwizi ni yule anayechukua kwa udanganyifu kitu kisicho chake. Haiulizi kama ni tajiri au maskini. Ni kweli, hakimu anaweza kumpunguzia adhabu mama aliyeng'oa muhogo wa jirani kwa sababu ya njaa. Lakini tazama mtaani kwako. Ni wajane wangapi wanaouza sombe, wanaobeba maji, wanaolima shamba la mtu kwa malipo ya siku, na hawajagusa cha mtu? Kama umaskini peke yake ungezaa mwizi, Irumu nzima ingekuwa gereza. Na yule mkubwa anayekula mishahara ya walimu kwa kutumia kalamu, yeye ana njaa gani?

Pili, tuangalie vita vyetu wenyewe. Ituri si nchi kame. Dhahabu ya Kilo imechimbwa tangu mwaka 1905. Tuna ng'ombe, mbao, samaki wa Ziwa Albert. Mwaka 1999 zilikuwepo wilaya nyingi za Kongo zenye ufukara kuliko yetu, nazo hazikuwaka moto. Kwa nini kwetu?

Vita vilianza katika teritwari ya Djugu, huko Walendu Pitsi, mwezi wa Juni 1999, na jambo lenyewe lilikuwa mashamba. Hapa lazima nikueleze sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Sheria hiyo inasema udongo wote ni mali ya Leta. Juu ya ardhi ambayo wanakijiji wanalima kwa mila za mababu, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki zao. Ilipita miaka zaidi ya 40 na amri hiyo haikutoka. Kumbe mwanakijiji alibaki na shamba bila karatasi, na mwenye pesa na marafiki ofisini aliweza kupata karatasi ya shamba ambalo wengine wanaishi ndani yake.

Ripoti maalum ya Umoja wa Mataifa juu ya Ituri, ya mwaka 2004, inaeleza kwamba mwaka 1999 watu fulani wenye konsesioni walidaiwa kuwahonga wakubwa wa mahali ili mipaka ibadilishwe katika vitabu vya mashamba. Fikiri vizuri, msomaji. Watu wale walikuwa maskini kwa miaka mingi, wala hawakuchukua panga. Kilichokuwa kipya ni kwamba walikaribia kufukuzwa kwa karatasi ambayo hawakuiona, na hawakuwa na tribinali ambayo waliiamini. Tena Wahema wengi wasio na konsesioni yoyote, maskini kama jirani zao Walendu, ndio waliolipa kwa damu yao. Hadi mwaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa.

Tatu, nani aliwasha kiberiti? Kuni kavu haziwaki zenyewe. Jeshi la Uganda lilikuwa limekalia Ituri. Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba jeshi hilo lilichochea ugomvi wa makabila katika Ituri, na kwamba Uganda haikuzuia uporaji wa mali yetu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama hiyo iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na katika hizo milioni 60 ni kwa ajili ya mali ya asili. Basi tunaona kwamba kulikuwa na kitu cha kuporwa.

Tuwatazame na viongozi. Thomas Lubanga, aliyehukumiwa huko La Haye mwaka 2012 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake, alikuwa amesoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Si njaa iliyompeleka kwenye ukubwa wa vita. Na mtoto wa miaka 12 aliyebebeshwa bunduki si yeye aliyeanzisha vita.

Nne, tuseme neno juu ya mapinduzi. Wazee wanakumbuka Simba wa mwaka 1964. Upande wa Kwilu aliyeongoza ni Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba. Watu walidai uhuru wa pili. Kwa nini wa pili? Kwa sababu ule wa kwanza, wa mwaka 1960, uliahidiwa kwa wote, kisha wakaona wachache wanarithi nyumba na motokari za wazungu. Umaskini walikuwa wameuzoea. Ahadi iliyovunjwa ndiyo iliyowachoma. Na vita vile vilipokwisha, mlimaji alijikuta maskini kuliko mwanzo.

Je, tuseme umaskini hauna kosa? Hapana. Kijana asiye na shamba, shule wala kazi hununuliwa kwa bei ndogo. Baada ya mwaka 2003 wapiganaji wengi walirudisha silaha, lakini wengine walirudi porini. Kijiji cha Bogoro kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Wapiganaji wa FRPI walitia sahihi mapatano huko Gety tarehe 28 Februari 2020 tu, miaka 17 baadaye. Wakati huo wote mashamba yaliachwa, ng'ombe walichukuliwa, barabara zilifungwa. Vita vilizaa umaskini, nao umaskini ukavirudishia askari.

Kwa hiyo, tukisema "ni umaskini tu," tutakaa tukingojea misaada, na mpaka wenye ugomvi utabaki vile vile. Fanya haya unayoyaweza.

Ukiona watu wanapima ardhi kijijini, usinyamaze na usiokote jiwe. Sheria ya 1973 inadai uchunguzi ufanywe hapo hapo kabla ardhi ya kijiji haijatolewa: nani anaishi, nani analima, nani anapinga. Ikipita miaka miwili tangu hati kuandikishwa, kuipinga kunakuwa kugumu sana. Basi andikeni barua mapema, mtie sahihi pamoja na jirani wa kabila lingine, mbaki na kopi yenye tarehe na muhuri. Na mkipatana kwenye barza, mpatano uandikwe: mto upi, mti upi, mashahidi gani wa pande zote mbili.

Na wewe kijana, ukiitwa kwenda kupigana, uliza maswali matatu. Nani analipa risasi? Mtoto wake yuko wapi leo, porini au shuleni? Vita vikiisha, shamba lile litakuwa la nani? Asipokujibu, rudi nyumbani.

Jioni ya leo, nyumbani kwenu, mzungumze juu ya jambo moja: ni ugomvi gani wa shamba katika kijiji chetu haujakatwa, na ni nani anayepaswa kuusikiliza? Mumpelekee kabla mwingine hajaupeleka kwa wenye bunduki.