MLANGO WA KABATI UKIKWAMA, UINUE



Wakati wa mvua nyingi tunasikia maneno yaleyale mbele ya kabati ya vitabu: "Mulango inakataa! Sukuma na nguvu!" Mmoja anapiga teke, mwingine anaingiza kisu, na mwisho tripleksi inapasuka. Kabati ikibaki wazi, panya na vumbi vinaingia. Hapa Ituri tunajua maana ya kukosa vitabu. Katika vita ya 1999 hadi 2003 shule nyingi ziliporwa na kuchomwa, na fujo ilirudi tena Djugu mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo tujifunze kutunza mlango wa kusukuma.

Sababu ya kuutumia

Mlango wa kawaida unahitaji nafasi mbele yake. Chumba kikiwa kidogo, unagonga mabenchi. Mlango wa kusukuma unapita pembeni tu. Ndiyo maana wanauweka hata ndani ya karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Wazungu wanaivuta na gari wakienda likizo. Wajapani nao wanautumia nyumbani tangu zamani.

Siri yake

Mlango unasimama katika mifereji miwili, mmoja juu na mmoja chini. Fundi wa mbao anachimba ule wa juu kwa kina kuliko wa chini. Kwa mfano, chini milimita 6, juu milimita 12. Basi, mlango ukisimama mahali pake, juu inabaki nafasi. Ushike kwa mikono miwili, uinue mpaka mwisho, vuta upande wa chini kwako, kisha ushushe. Umetoka! Hakuna visi ya kufungua. Anza na mlango wa mbele, alafu ule wa nyuma. Watu wengi wanavunja mlango sababu hawajui jambo hili moja.

Kazi yenyewe

1. Ukiisha kutoa milango, tia alama ya kalamu: upi ni wa mbele, upi wa nyuma, na upande gani ni juu.

2. Safisha mfereji wa chini. Humo mnajaa chaki, mchanga na udongo. Tumia kijiti kilichochongwa, kisha burosi ya meno ya zamani. Usimwage maji, mbao itavimba.

3. Angalia ukingo wa mlango. Mahali panapong'aa ndipo panaposugua. Piga msasa kidogo, rudisha mlango, jaribu. Usikimbilie randa wakati wa mvua! Mbao ikishika unyevu inavimba kwa upana, na wakati wa jua, Desemba mpaka Februari, inasinyaa tena. Ukiondoa mingi leo, wakati wa jua mlango utachezacheza na kuanguka.

4. Sugua mshumaa au sabuni kavu ndani ya mifereji. Usitie mawese wala mafuta ya motokaa. Mafuta inakamata vumbi, inakuwa matope, na inachafua vitabu.

5. Kama mlango unakwama katikati tu, tazama juu ya kabati. Pengine watu wamerundika maboksi na mabenchi mabovu hapo, na ubao wa juu umepinda. Ondoa mzigo. Mara nyingine mlango hauna ugonjwa, ni kichwa cha kabati kimebebeshwa.

Kama ukingo wa mfereji umevunjika, pima urefu wake, uombe kwa fundi kipande chembamba cha mbao ngumu, na ukitie kwa gundi na misumari midogo. Kama ni mchwa, usifunike tu. Toa sehemu yote iliyoliwa, na usogeze kabati mbali kidogo na ukuta ili uone njia yao ya udongo.

Kazi hii yote, isipokuwa ya mchwa, haipiti saa moja. Kipande cha mshumaa kinatosha. Lakini mlango mpya, nani atalipa? Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Sisi wa sekondari, wazazi wetu bado wanatafuta minervali shambani na sokoni. Kila darasa lichague wawili wa kusafisha mifereji mara moja kwa mwezi. Mungu anatazama uaminifu wetu hata katika kitu kidogo kama mfereji wa kabati.