Kisakinishi Kinapokwama: Kanzidata Nusu na Jalada la Mgonjwa

Mgonjwa anapoambiwa dirishani kwamba mfumo haujakaa sawa, pengine kompyuta ni nzima na mtandao upo. Kilichokwama ni uundaji wa kanzidata, yaani ghala ambamo majalada yote huwekwa.

Tuchukue OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kubuniwa mwaka 2004, ambayo kliniki za Eldoret, nchini Kenya, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia. Inaposakinishwa, kisakinishi huiamuru MySQL iunde majedwali moja baada ya jingine. Jedwali la watu hutangulia, ndipo la wagonjwa, kwa kuwa kila mgonjwa sharti awe mtu aliyekwisha kusajiliwa. Hatua moja ikishindwa, zinazoitegemea hushindwa pia, na skrini hujaa ujumbe wa hitilafu. Ujumbe wa kusomwa ni wa kwanza, si wa mwisho. Sisi matabibu hatutibu kichefuchefu tukaziacha figo.

Mara nyingi chanzo ni cha kawaida: nywila si sahihi, mtumiaji hana idhini ya kuunda majedwali, au diski imejaa. Hayo hurekebishwa upesi. Madhara huletwa na fundi anayebofya tena bila kusoma. Katika MySQL, jedwali lililokwisha kuundwa hubaki hata hatua inayofuata ikishindwa, hivyo jaribio la pili hulikuta na kugoma. (PostgreSQL, inayotumiwa na DHIS2, huweza kutengua kazi yote ya muamala ulioshindikana.) Tena, Liquibase, chombo kinachopanga mabadiliko hayo ndani ya OpenMRS, hujiwekea kufuli kabla ya kuanza. Umeme ukikatika katikati, kufuli hubaki limefungwa na jaribio jipya hungoja tu. Lifunguliwe baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kazi nyingine inayoendelea.

Kwenye seva mpya isiyo na mgonjwa hata mmoja, tiba ni nyepesi: rekebisha chanzo, futa kanzidata nusu hiyo, anza upya. Kwenye seva yenye majalada, shauri hilohilo ni sumu. Hati nyingi za kuunda majedwali hutanguliza amri ya kufuta jedwali lenye jina lilelile iwapo lipo. Zikielekezwa kwa makosa kwenye kanzidata inayotumika, dozi za ARV, majibu ya maabara na tarehe za kurudi kliniki hutoweka, na MySQL haiulizi mara mbili. Ndiyo maana nakala ya akiba hutangulia kila kitu, nayo iwe imejaribiwa kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine. Isiyowahi kurejeshwa mimi siihesabu.

Wakati fundi akiendelea, mhudumu arudi kwenye rejista ya karatasi, aandike namba ya mgonjwa, dawa na saa, na mgonjwa aondoke na kadi yake ikiwa imejazwa. Fundi akipendekeza kuiruka hatua iliyokwama ili kazi ianze mapema, mganga mfawidhi amkatalie: huenda hatua hiyo ndiyo iliyokuwa ikiunganisha kipimo na mwenye kipimo.