Reli Ikipita, Nani Aliulizwa?



Kila mara habari ya reli inaporudi midomoni, sisi watu wa Kongo tunafurahi, na tuna sababu. Reli inapotembea vizuri, chumvi na sabuni hushuka bei, na mihogo hufika sokoni kabla haijaharibika. Tangu mwaka 2022, Angola ilipokabidhi njia yake ya Lobito kwa makampuni kwa muda wa miaka 30, mazungumzo ya kutengeneza upande wetu, kutoka Dilolo mpaka Kolwezi, hayajaisha. Ndiyo maana wiki hii tunatazama jinsi nchi nyingine ilivyowauliza watu wa makabila madogo kabla ya kuwapitishia reli. Tumechagua Meksiko, kwa sababu huko swali la wamama lilionekana wazi kabisa.

Serikali ya Rais Andrés Manuel López Obrador iliamua kujenga reli ya kilomita karibu 1,500 ikizunguka rasi ya Yucatán na kupita majimbo matano ya kusini-mashariki. Reli hiyo iliitwa Treni ya Maya, kwa jina la wenyeji wa huko. Pamoja na Wamaya kuna Ch'ol, Tseltal, Tsotsil na wengine, kila watu na lugha yao. Ni sehemu yenye umaskini mwingi karibu kabisa na mahoteli makubwa ya pwani, na serikali ilisema treni itapeleka fedha ya watalii mpaka vijijini. Wengi vijijini waliitaka kweli, wala tusiseme walidanganywa wote.

Meksiko ilitia sahihi Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaodai wenyeji waulizwe kabla ya mradi kama huo. Basi waliulizwa. Protokoli ilitangazwa katikati ya Novemba 2019, mikutano ya kupasha habari ikafanyika mwisho wa mwezi huo huo, na tarehe 14 na 15 Desemba watu wakatakiwa kutoa jibu. Mwezi mmoja tu! Sisi hapa kupanga arusi kunatuchukua muda mrefu kuliko huo. Siku ya kura, zaidi ya 90 kwa mia ya waliopiga walisema ndiyo. Lakini waliopiga walikuwa wachache sana, hawakufika hata watu 3 katika kila 100 wenye haki ya kupiga kura.

Siku chache baadaye, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Meksiko, iliyotuma watu wake kutazama mikutano, ilisema kazi ile haikufuata kanuni zote za kimataifa. Watu walielezwa faida za treni, hasara hawakuelezwa. Tafsiri kwa lugha za wenyeji haikutosha. Na wanawake walikuwa wachache, katika kuhudhuria na katika kuwakilisha.

Kwa nini wachache? Hapa ndipo tunaomba msome polepole. Mikutano ilipitia hasa viongozi wa manispaa na wa ejido. Ejido ni ardhi ya pamoja ya kijiji, mpango uliotokana na mapinduzi ya Meksiko ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Wenye kura katika mkutano wa ejido ni wale walioandikwa kama wenye haki ya ardhi, na wengi wao ni wanaume. Mama anayelima shamba lile lile, anayechota maji na kujua kila njia ya msitu, hana kura kama jina lake haliko katika orodha. Hakuna aliyemfukuza mlangoni. Mlango wenyewe haukuwa wake tangu zamani, na serikali ikapitia mlango huo huo.

Jambo la pili linatugusa zaidi. Watazamaji wale walieleza kwamba watu walikubali treni kama njia ya kupata mahitaji yao: maji, dawa, shule, kazi, nyumba. Fikirini mama ambaye kijiji chake kimeomba maji miaka na miaka. Siku moja wakubwa wanafika na gari, wanauliza: mnataka treni? Atajibu ndiyo, na sisi pia tungejibu ndiyo. Lakini alichokubali ni bomba la maji. Mtu anayeandika ripoti ataandika kwamba amekubali reli.

Yaliyofuata yalionyesha uzito wa kuuliza mapema mno na haraka mno. Ripoti ya serikali juu ya madhara kwa mazingira, ya awamu ya kwanza, ilipelekwa kwa wakaguzi Juni 2020, miezi sita baada ya kura. Kisha mwaka 2022 njia kati ya Cancún na Tulum ikahamishwa. Kwanza ilikuwa ifuate barabara kubwa, lakini wenye hoteli wakalalamika, ikasukumwa msituni. Chini ya msitu ule kuna mapango yenye maji na visima vya asili viitwavyo cenote. Kaskazini mwa rasi hakuna mito juu ya ardhi, hivyo watu wanategemea maji hayo ya chini. Nguzo za chuma na saruji zilipigwa mpaka ndani ya mapango. Mtu aliyejibu swali mwaka 2019 hakuwa ameulizwa juu ya njia hii.

Tuseme pia lililofaulu. Katika mji wa Campeche, familia zilizokaa kando ya reli ya zamani, wengine kwa vizazi, ziliambiwa zihame. Zilikataa, zikaenda mahakamani, na mwaka 2021 serikali ikatangaza kwamba treni haitaingia katikati ya mji. Stesheni ikajengwa pembeni. Treni ilianza kutembea kati ya Campeche na Cancún Desemba 2023, na nyumba zile zilibaki.

Sasa turudi nyumbani. Reli ya Kabalo mpaka Kalemie ilifika ziwani mwaka 1915, na inapita Nyunzu, nchi yenye Batwa wengi. Wakati ule hakuna aliyeuliza mtu yeyote. Leo tuna Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za Batwa na ndugu zao wote tunaowaita Pygmées, na inayotaka ridhaa yao ya mapema na ya hiari. Ni sheria nzuri. Tatizo ni kama lile la ejido: mahali pengi Batwa wanahesabiwa chini ya shefu asiye wao. Mkutano ukiitwa kwa shefu, sahihi inapatikana, na mama wa Kitwa bado hajasikia neno. Asali yake, viwavi, kuni na dawa za miti haviko katika hesabu ya malipo kama vile mgomba na nyumba ya matofali. Na hata panapolipwa, fedha inawekwa mkononi mwa baba wa nyumba.

Kwa hiyo, wamama mnaokaa kando ya reli, Nyunzu, Kabalo, Dilolo na kwingineko: wakija watu na karatasi za kupima, tuandikieni. Tuambieni mkutano uliitwa saa ngapi, kama ni saa ya shamba au ya kuchota maji, na lugha gani ilisemwa. Wamama walikaa peke yao au nyuma ya wanaume? Njia ilionyeshwa kwenye ramani, au ilisemwa tu kwa mdomo? Waliahidi nini kingine pamoja na reli? Majina yenu hayahitajiki.