Palinurus, Mshika Usukani Aliyekataa Kulala

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, niwasimulie habari za mtu aliyelaumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Jina lake Palinurus. Hakuwa mfalme, hakuua joka, hakuteka mji. Kazi yake ilikuwa kushika usukani wa merikebu ili wenzake wafike salama, na hakuiacha hata pale ilipomgharimu uhai.

Habari zake zimo katika Aeneid, utenzi mrefu wa vitabu 12 uliotungwa na Virgil, mshairi wa Roma aliyezaliwa mwaka 70 KK na kufariki mwaka 19 KK. Shujaa wa utenzi huo ni Aeneas, mmoja wa wakuu wa mji wa Troya, uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Wagiriki waliuzingira mji huo miaka 10, wakauingia kwa hila ya farasi wa mbao, wakauteketeza. Usiku ule Aeneas alimbeba mabegani babake, mzee Anchises, akamshika mwanawe mkono, akatoka katikati ya moto. Waliosalimika wakaunda merikebu 20, wakatweka matanga kwenda kutafuta makao mapya. Miungu yao iliwaahidi nchi ya Italia, na hadithi yasema kwamba vizazi vyao ndivyo vilivyokuja kuijenga Roma.

Mtu mwenye nchi ya kuahidiwa anahitaji wa kumfikisha. Hapo ndipo alipo Palinurus.

Dira haikuwapo siku hizo, wala ramani ya bahari. Usukani wenyewe ulikuwa kasia pana lililoshushwa majini ubavuni mwa tezi, na mshika usukani aliukamata mpini wake juu, mahali ambapo upepo na mvua humpiga yeye kwanza. Mchana alifuata jua na milima ya pwani. Usiku alifuata nyota. Virgil anatuonyesha usiku mmoja, merikebu zikiwa zimepumzishwa ufukweni kabla ya kuvuka kwenda Italia. Wote wamelala mchangani. Usiku wa manane haujafika, Palinurus anaamka peke yake, bila kuitwa na mtu. Anasikiliza upepo kwa masikio. Anazitazama nyota moja moja zinavyopita katika mbingu iliyonyamaza: Arcturus, Dubu wawili, na lile kundi la Jabari ambalo Wagiriki huliita Orion. Akiisha kuridhika kwamba anga i shwari, anatoa ishara kutoka tezi, na watu wanaamka kutweka matanga. Wao waliona safari imeanza tu. Hawakumwona aliyekuwa macho akiichunguza mbingu kwa ajili yao.

Msidhani alijua kila kitu. Safari moja dhoruba iliwakuta katika bahari iliyo magharibi ya Ugiriki. Wingu jeusi likafunika mbingu, mchana ukawa kama usiku, na kwa siku tatu hawakuona jua, na kwa usiku tatu hawakuona nyota. Palinurus alisema wazi mbele ya wote kwamba hawezi kutambua mchana na usiku, wala hajui tena njia iko wapi. Mwenye kujidai angebuni njia na kuwapeleka wenzake kwenye miamba. Yeye alikiri, wakavumilia, na siku ya nne wakaona nchi kavu.

Safari nyingine waling'oa nanga kutoka Karthago, mji uliokuwa pwani ya nchi ya leo ya Tunisia, wakielekea Italia. Palinurus akaitazama mbingu, akaona wingu lililojaa mvua limewakalia kichwani. Akaamuru watu wapunguze tanga na kuvuta makasia kwa nguvu, kisha akamgeukia Aeneas. Akamwambia kwamba hata mfalme wa miungu mwenyewe angempa ahadi, yeye asingetumaini kufika Italia kwa hali ile ya anga. Upepo umegeuka, akasema, tugeuke nao. Sisilia haiko mbali, ikiwa nazikumbuka nyota vyema. Aeneas hakubisha. Wakageuza chombo, wakatua Sisilia salama. Mkuu wa msafara alimtii mshika usukani, kwa sababu baharini neno la mwenye kuijua bahari ndilo linalookoa watu.

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe.

Walipokuwa tayari kuondoka Sisilia, mungu wa kike Venus, ambaye hadithi yasema ndiye mamake Aeneas, alikwenda kumsihi Neptunus, mungu wa bahari, ampe mwanawe safari njema. Warumi wa kale waliamini miungu mingi, na miungu yao iligombana na kupatana kama wanadamu. Neptunus akakubali. Merikebu zote zitafika, akasema, ila mtu mmoja tu atapotea: uhai wa mmoja utatolewa kwa ajili ya wengi. Hakumtaja jina. Na kule chini, Palinurus alikuwa akikaza kamba za matanga, hana habari kwamba amekwisha kuuzwa.

Wakaondoka. Bahari ilitulia kabisa. Upepo ulivuma taratibu kutoka nyuma, na chombo cha Palinurus kikatangulia, vingine vyote vikimfuata yeye. Usiku ulipofika katikati, mabaharia walilala pale pale kwenye mbao ngumu, chini ya makasia yao. Palinurus alibaki macho.

Ndipo Somnus, mungu wa usingizi, aliposhuka polepole kutoka kwenye nyota. Alijigeuza akawa na sura ya Phorbas, mtu aliyefahamika kwao, akaketi juu ya tezi karibu na Palinurus. Akaanza kusema kwa sauti tamu. Palinurus, bahari yenyewe inavipeleka vyombo. Upepo ni wa sawa. Saa ya kupumzika imefika. Laza kichwa, uyapumzishe macho yako yaliyochoka, nami nitakushikia kazi yako kwa kitambo kidogo.

Angalieni ujanja wa maneno hayo. Hakumwambia atende uovu. Alimpa kitu ambacho kila mchovu anakitamani, na akampa kwa sura ya rafiki.

Palinurus hakumtazama sana, macho yake yalikuwa juu. Akajibu: wewe unaniambia mimi niuamini uso wa bahari iliyotulia? Nimkabidhi Aeneas kwa pepo zenye hila, mimi ambaye nimedanganywa mara nyingi na mbingu safi? Wazee wetu wa pwani walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Palinurus aliyajua hayo kwa mikono yake. Akaukumbatia mpini wa usukani, hakuulegeza hata kidogo, na macho akayakaza kwenye nyota.

Maneno yaliposhindwa, mungu alitumia nguvu. Alikuwa na tawi lililolowa umande wa Lethe, mto wa kuzimu unaofuta kumbukumbu za wafu. Akalitikisa juu ya paji la uso wa Palinurus, upande huu na upande huu. Macho yaliyokuwa yakipigana na usingizi yakaanza kuogelea. Viungo vilipolegea tu, Somnus akamwinamia na kumsukuma baharini. Na hapa sikilizeni kwa makini, maana neno hili ndilo kiini cha hadithi nzima: mikono ya Palinurus haikuachia. Alianguka pamoja na usukani wenyewe na kipande cha tezi kilichong'oka naye. Akaita wenzake, akaita tena. Wote walikuwa wamelala.

Vyombo vikaendelea kuteleza salama, kama Neptunus alivyoahidi. Baadaye Aeneas akaona merikebu inakwenda mrama karibu na miamba ya Sirens, wale viumbe walioimba ili kuwapoteza mabaharia. Akauliza mshika usukani yu wapi, hayupo. Akaongoza chombo yeye mwenyewe gizani, akilia. Alimpenda sana. Lakini katika kilio chake alisema hivi: Ee Palinurus, umeiamini mno mbingu iliyotulia na bahari, na sasa utalala uchi katika ufukwe usiojulikana.

Mmesikia? Alimlaumu kwa jambo lile lile ambalo Palinurus alikuwa amelikataa kwa kinywa chake, muda mfupi kabla. Aeneas hakuwa mtu mbaya, wala hakusema kwa chuki. Aliona mahali patupu, akajaza sababu aliyoifikiria yeye, na sababu hiyo ikamwangukia mtu asiyekuwapo kujitetea.

Wagiriki walikuwa na hadithi ya zamani zaidi inayofanana na hii. Katika utenzi wa Odyssey yumo kijana aitwaye Elpenor, baharia wa Odysseus, aliyelewa mvinyo akalala juu ya paa. Asubuhi alizinduka kwa kelele za wenzake, akasahau kushuka kwa ngazi, akaanguka na kuvunjika shingo. Virgil aliijua hadithi hiyo vizuri, akaigeuza. Elpenor alikufa kwa sababu ya ulevi na usingizi aliojitakia. Palinurus alikufa akipigana na usingizi. Kwa mtu anayetazama kwa mbali wote wawili wameanguka tu, lakini ukiwaweka katika fungu moja utakuwa umemdhulumu mmoja wao.

Virgil hakuiacha habari hapo. Aeneas alipofika Italia, alishuka kuzimu akiongozwa na Sibylla, nabii mwanamke wa mji wa Cumae. Kule walifika kwenye mto ambao wafu huvushwa na mzee Charon kwa mashua yake. Charon hakuwavusha wote. Waliokufa bila kuzikwa walizuiliwa ng'ambo ya huku, wakitangatanga miaka 100. Sisi tunaojua uzito wa kumsitiri maiti tunaelewa uchungu wao.

Katika umati huo Aeneas akamwona Palinurus, sura yake imefifia gizani. Safari hii hakulaumu. Aliuliza: ni mungu gani aliyekunyakua kwetu? Maana niliahidiwa kwamba utafika Italia salama.

Naye akaeleza. Hakujua kwamba ni mungu aliyemwangusha; alijua tu kwamba usukani ulikatika na yeye akiwa ameung'ang'ania, akaenda nao. Akaapa kwa bahari kali kwamba pale alipoanguka hakujiogopea nafsi yake kama alivyokiogopea chombo, kwamba kimeachwa bila usukani wala mwongozi kati ya mawimbi. Usiku tatu upepo wa kusini ulimsukuma. Alfajiri ya nne, akiwa juu ya wimbi, akaiona Italia. Akaogelea kidogo kidogo mpaka ufukweni, akakamata miamba kwa vidole, nguo zake zimelowa na kumlemea. Alikuwa ameokoka. Lakini watu wakatili wa pwani ile walidhani wamepata ngawira, wakamuua kwa panga. Kwa hiyo ahadi ilitimia: alifika Italia. Ndivyo zilivyo ahadi nyingi katika hadithi hizi. Neno linatimia, na mtu anaumia.

Akamwomba Aeneas autafute mwili wake karibu na bandari ya Velia na kuufukia, au ampe mkono avuke naye mto. Sibylla akamkatalia kwa ukali: acha kutumaini kwamba amri za miungu zitapindwa kwa maombi. Lakini akampa neno la kumtuliza. Watu wa pwani ile watashtushwa na ishara kutoka mbinguni, watajuta, watakujengea kaburi na kuleta sadaka, na mahali pale pataitwa Palinurus milele. Uso wa yule baharia ukafurahi kidogo.

Na mahali hapo pako hata leo. Fungueni ramani ya Italia, shukeni kusini ya Naples kando ya bahari, mtaiona rasi iitwayo Capo Palinuro katika jimbo la Campania, na mji mdogo wa Palinuro kando yake. Warumi waliomsoma Virgil waliijua pwani ile kwa machungu: mwaka 36 KK dhoruba ilivivunja vyombo vya Octavian karibu na hapo, yule ambaye baadaye alikuwa mtawala Augustus, na Virgil aliandika utenzi huu chini ya utawala wake. Wataalamu wa viumbe nao walimpa kamba koche wa Ulaya jina la Palinurus. Kamba koche wanaovuliwa katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki ni jamaa zao, na jina lao la kitaalamu, Panulirus, lina herufi zile zile zilizopangwa upya.

Lakini jina peke yake halimtendei mtu haki. Katika maisha yenu mtakutana na akina Palinurus wengi: dereva wa basi la usiku, muuguzi wa zamu, mlinzi wa lango, mama anayekesha na mtoto mwenye homa. Kazi yao ikienda vizuri hakuna anayeiona, kwa sababu waliolindwa wamelala. Ikiharibika, sisi tulioamka asubuhi ndio wa kwanza kusema kwamba walizembea. Huenda kweli walizembea. Wapo wa namna ya Elpenor. Basi fanyeni kama Aeneas alivyofanya mara ya pili: ulizeni kwanza, msikie mwenyewe anasemaje.

Usiku ule hapakuwa na baharia yeyote aliyeona. Aliyemwangusha hakusema, naye Palinurus mwenyewe hakujua. Ni sisi tu tunaoisikia hadithi tunaojua jinsi ilivyokuwa, kwa hiyo sisi ndio mashahidi wake. Mkimsikia mtu akisema Palinurus alilala kazini, msinyamaze. Mwambieni kwamba alijaribiwa kwa maneno matamu akakataa, na kwamba aliposukumwa, usukani uling'oka kabla mikono yake haijaachia.